Kopo la Juu ya Jabali

Jumatatu, 3 Juni

Kopo jipya! Limetangazwa leo kwenye simu. Kwa sisi tunaocheza mchezo wa kusaka makopo hakuna habari tamu kuliko hiyo: mtu kaficha kopo mahali, ramani ya simu inakufikisha karibu, mengine utajua mwenyewe. Hili liko ndani kabisa ya msitu, juu ya jabali. Lazima upande kwa kamba. Bado hakuna aliyeligusa, na jina la atakayelifungua kwanza litakaa juu ya majina yote.

Safari hii hatakuwa shemeji! Shemeji ni kaka wa mke wangu, daktari wa meno. Kila kopo, wa kwanza yeye. Kisha ananipiga begani na kuniambia nisikate tamaa. Begani! Mimi, mwenye duka la mapazia!

Mke wangu kaniuliza nimejifunza lini kupanda majabali. Nikamwambia mtu anayetundika mapazia ya ukumbi wa harusi haogopi urefu. Akasema mara ya mwisho nilishushwa na bwana harusi. Sikuipenda ile sauti.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi. Nimepanda kabati la chumbani. Kupanda, safi kabisa. Kushuka, tulishuka wote wawili, mimi na kabati.

Baadaye, hila. Nimempigia shemeji kwa sauti ya upendo. Nikamnong'oneza kwamba mwenye kopo amekosea ramani, jabali lenyewe ni lile la ng'ambo ya mto. Akanishukuru, akaniita ndugu wa kweli. Nikaona haya. Kidogo. Kisha nikajifunika mto wa kulalia usoni nicheke vizuri.

Jumamosi, 8 Juni

Msituni! Matope, miiba, mbu wenye njaa. Jabali lenyewe refu, limeloa, linateleza kama sabuni. Kamba yangu ya mapazia: nyekundu, inang'aa, ina vishada mwishoni. Inapendeza mno. Nikairusha juu ya shina lililochomoza mwambani, nikajikaza kisabuni, nikajivuta. Napanda! Napanda kweli! Nikafika kwenye kijukwaa chembamba cha mwamba, nikapiga kelele za ushindi.

Kamba ikakatika. Vishada vikashuka peke yao, taratibu, vikipepea.

Kopo silioni. Kushuka siwezi. Nyani juu ya mti ananitazama kwa huruma. Nikaita mpaka sauti ikakauka.

Mara, chini, mtu anapita akipiga mluzi. Shemeji! Mto umefurika, kashindwa kuvuka, anarudi. Masikioni ana muziki wake, hanisikii. Nikarusha kiatu. Wapi! Nikarusha chupa ya maji. Nikakosa. Nikapapasa nyuma yangu, kwenye ufa, nikakuta kitu kimeviringishwa plastiki nyeusi. Takataka za wawindaji. Nikakivurumisha kwa nguvu zangu zote.

Kikatua mbele ya buti zake. Akainama. Akafungua. Akaruka juu, akacheza peke yake kwenye matope, akalibusu.

Kopo!

Ndipo akainua macho.

“Shemeji! Unafanya nini huko?”

“Nakusaidia kutafuta!” nikasema. Ningesema nini?

Akapanda kwa kamba yake nzuri, akanifunga kama mzigo, akanishusha. Hakuuliza chochote kuhusu jabali la ng'ambo. Njia nzima aliimba.

Jumapili, 9 Juni

Mwili wote unauma, hata masikio. Shemeji alikuja na kusimulia mezani kwamba asingelipata kopo bila mimi, kwamba wachache wana moyo wa kumrushia mwenzao ushindi. Akanipiga begani. Pale pale panapouma. Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje kuvuta hewa.

Basi. Nimeapa mbele ya wote. Makopo nimeachana nayo! Mimi ni mtu wa mapazia, nitakufa mtu wa mapazia.

Jumatatu, 10 Juni

Kopo jipya!! Liko pangoni, nyuma ya maporomoko ya maji, na lazima upige mbizi. Nimeshampigia shemeji kumwonya kuhusu mamba. Hakuna mamba. Duka nimefunga mapema, nikaenda kulala kifudifudi kwenye zulia na kurusha mikono na miguu. Nimeelewa mara moja. Kuogelea ni kutembea tu, ila umelala.