Hela ya Bembea

Lucky Sirili aliingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Wenseslaus pale Kiboriloni kuulizia bei ya rangi, ingawa hakuwa na nyumba wala ukuta. Ilikuwa mwisho wa Novemba, na mwisho wa Novemba kila muuza rangi Moshi anatajirika, maana Wachagga wote walioko Dar wanawapigia simu walioko nyumbani: pakeni rangi, tunakuja Krismasi. Lucky alipenda kusimama kwenye maduka ya namna hiyo. Hela za watu zikiwa zinapita, yeye alitaka awe karibu azione zinavyotembea.

Kadi yake ya mfukoni ilimtaja kuwa Mshauri wa Fedha. Kwa miaka kumi alikuwa anawashauri watu waachane na fedha zao, na kusema kweli wengi walimsikiliza.

Siku hiyo Wenseslaus alikuwa anamtambia mteja. "Tarehe nane naipeleka familia Dar. Kuna bustani mpya ya michezo inaitwa Dunia ya Furaha. Bembea za umeme, maji ya kuteleza, treni linalopanda juu likageuka kichwa chini. Hoteli nimeshalipa. Kinachoniumiza kichwa ni hela ya kutumia humo ndani. Mtoto ukimpa elfu kumi, anarudi na upepo."

Huyu Wenseslaus alikuwa mtu wa kuhesabu misumari badala ya kuipima, na katika kila kumi alisahau mmoja. Kwenda bustanini hakukutokana na mapenzi ya watoto. Jirani yake alikwenda mwaka jana na hakunyamaza mpaka Pasaka, na Wenseslaus angelala njaa mwezi mzima ili naye apate cha kusimulia.

"Shikamoo, Mangi," Lucky alisema, akimpa cheo cha machifu wa Kichagga.

"Marahaba. Ndoo ya lita ishirini ni elfu themanini na tano."

"Rangi baadaye. Nimesikia unakwenda Dunia ya Furaha na shilingi mkononi, nikasema huyu mzee nisimwache aaibike mbele ya watoto. Shilingi kule hawapokei. Wanapokea tokeni zao tu. Getini tokeni moja ni elfu mbili. Mimi ninazo za jumla, elfu moja na mia mbili."

Wenseslaus aliacha kumhudumia mteja. Neno jumla lilikuwa limemgusa mahali ambapo mahubiri hayajawahi kufika.

Jumapili baada ya misa Lucky alikaribishwa nyumbani kwake, akawekewa bakuli la mtori wa ndizi na nyama, akafungua daftari. Mke wa Wenseslaus, Digna, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kindness, alikaa pembeni akimenya ndizi. Wenseslaus alikuwa ametenga milioni moja kwenye bahasha kwa matumizi ya bustanini. Lucky aliitazama bahasha kwa huruma.

"Jirani alitumia ngapi?"

"Anasema milioni na laki mbili."

"Basi ukitumia milioni, umekwenda kumtangaza yeye. Tuandike. Bembea kubwa, tokeni tano kila mtu. Watoto watatu na nyie wawili. Mtoto hawezi kupanda mara moja, atalia, watu watageuka. Andika mara nne. Picha ya kupigwa ukiwa juu unapiga kelele, tokeni kumi. Hiyo ndiyo utakayomwonyesha jirani."

"Weka mbili," alisema Wenseslaus.

"Na choo?" Digna aliuliza.

"Choo tokeni moja, mama."

"Hata mtoto?"

"Mtoto nusu."

"Nusu ya tokeni wanaikataje?"

Lucky alimeza mtori. "Wanaingia wawili wawili."

Digna akarudi kwenye ndizi zake. Bajeti iliendelea kupanda mpaka ikafika tokeni elfu moja na mia tano, na Wenseslaus akaenda chumbani kuongezea bahasha. Alilipa milioni moja na laki nane, akapewa mfuko wa tokeni za njano zenye picha ya tembo, akapiga hesabu kwamba ameokoa milioni moja na laki mbili. Alimshika Lucky mkono kwa furaha ya mtu aliyemwibia mwenzake.

Tokeni hizo zilikatwa mtaa wa Majengo na fundi mmoja, Eliezeri, kutoka kwenye madumu ya zamani ya mafuta ya kula, na tembo aligongwa kwa chuma cha moto. Kwa mbali alifanana na nguruwe.

Sasa ijulikane kwa nini Lucky aliitaka hela hiyo, maana hata tapeli ana kwao. Kwao ni Mkuu, Rombo. Kila Krismasi ukoo wao unachinja ng'ombe kihambani, kwenye shamba la urithi, na zamu ya kumleta inazunguka kwa vijana wa kiume. Zamu ya Lucky ilikuwa imefika mara mbili, na mara mbili alileta maelezo. Mwaka huu baba yake mdogo, mzee Kastori, alisema mbele ya ukoo wote: ng'ombe asipofungwa mgombani ifikapo tarehe ishirini na nne, kipande cha kihamba cha Lucky anapewa binamu yake Wilson. Mama yake Lucky, Dominika, alikuwa ameacha kukaa na wanawake wenzake kwenye mbege, pombe ya ndizi, kwa sababu kila kibuyu kilipozunguka walimuuliza mtoto wake anafanya kazi gani hasa. Hilo lilimuuma Lucky. Alikuwa na ngozi ngumu kwa watu wote duniani isipokuwa huyo mama.

Ng'ombe mzuri alikuwa milioni moja na nusu. Hela ilikuwa mfukoni. Mwenye akili angepanda gari jioni hiyo, akamnunua ng'ombe, akanyamaza. Lakini mwenye akili asingekuwa Mshauri wa Fedha.

Digna ana banda sokoni Kiboriloni. Anauza ndoo, mabeseni na madumu, mapya na yaliyotumika, mwaka wa kumi na sita huu. Jumatatu asubuhi alichukua tokeni moja kwenye mfuko wa mumewe, akaikunja kidogo, akaigonga kwa ukucha, akainusa. Ilinuka alizeti. Akampigia simu mdogo wake Doris anayeishi Dar.

"Kule Dunia ya Furaha mnalipaje?"

"Kwa simu, dada. Au shilingi. Kwani?"

"Hakuna kitu. Salimia watoto."

Hakumwambia mumewe. Mwanaume akitapeliwa huwa anatafuta wa kumlaumu humo humo ndani ya nyumba, na Digna alikuwa na kazi nyingi. Alikwenda kwanza kwa kaka yake, Given, mwenye basi moja la watu hamsini na watano linalokwenda Dar, wakaongea kwa Kichagga kama robo saa. Kisha akampigia Lucky.

Alimpokea bandani kwa kigoda na soda. "Kaka Lucky, umetuokoa. Nimewaambia akina mama wa kikundi chetu, wote wanataka. Tuko thelathini. Kila mmoja amepanga laki na nusu za matumizi. Safari yetu ya tarehe nane nimeisogeza, twende wote pamoja."

Lucky aliweka soda chini taratibu. "Lini, Mama Kindness?"

"Tarehe ishirini na tatu Desemba. Tule Krismasi kwenye bembea."

Lucky alisikia thelathini, akasikia laki na nusu, akazidisha, akapata milioni nne na nusu. Tarehe nayo aliisikia, lakini haikumfikia.

"Wanilipe leo, niwahi kuagiza."

"Unatufahamu sisi lakini? Mwaka juzi alikuja mmoja wa Lushoto, akachukua hela, mpaka leo. Kikundi chetu hakitoi hela mpaka tuone gari limesimama mbele yetu. Ukileta gari, tunakupa mkononi, hapo hapo, kabla ya kupanda. Zungumza na Given. Mwambie nimekutuma mimi, atakupunguzia."

Given alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri. Bei ya kukodi basi zima mpaka Dar ilikuwa milioni mbili, lakini kwa ajili ya Mama Kindness akashusha hadi milioni moja na laki nane. Alitaka zote mkononi. "Desemba basi halikopeshwi," alisema, na Lucky aliona ni kweli kabisa. Aliandikiwa risiti yenye tarehe, saa na namba ya gari. Alitoka pale akitembea kama diwani. Hela ya ng'ombe mmoja ilikuwa imekwenda kutafuta hela ya ng'ombe watatu, na yeye alikuwa ameshapanga kutoweka sokoni wakati akina mama wanagombania viti vya dirishani.

Jioni alimpigia mama yake. "Mama, mwaka huu naleta wawili."

"Wawili nini, mwanangu?"

"Ng'ombe. Mwambie baba mdogo achimbie vigingi viwili."

Dominika akaanza kulia, na Lucky naye akajikuta anafuta macho katikati ya Majengo. Keshoye mama alikwenda kwenye mbege na kuwatangazia wenzake, na mzee Kastori, ambaye hakumpenda Lucky lakini alimpenda ng'ombe, akawaalika watu kutoka vijiji vitatu.

Tarehe nane, bila kuisogeza safari hata siku moja, Digna alipanda basi la kaka yake na watoto wake watatu. Katika hela ya Lucky, Given alikuwa amemrudishia milioni moja na nusu, akabaki na laki tatu za mafuta na usumbufu. Wenseslaus alibaki dukani, maana rangi ilikuwa inatoka kama maji, na stendi alimkabidhi mkewe mfuko wa tokeni kwa maneno ya kiongozi anayekabidhi mwenge. Watoto walibembea mpaka wakatapika. Tokeni Digna aliziuza kwa kilo kwa mnunuzi wa plastiki chakavu. Aliporudi alisema zote zimetumika, na Wenseslaus anaisimulia mpaka leo ile bei ya jumla aliyopata, na jirani yake anaumia.

Tarehe ishirini na tatu, saa moja asubuhi, Lucky alifika Kiboriloni amevaa suti na begi la tokeni begani. Basi lilikuwa limesimama kando ya soko, limeoshwa, injini inanguruma. Given alikuwa kwenye usukani. Ndani hapakuwa na mtu.

Soko lenyewe lilikuwa limefurika. Watu walinunua masufuria, visu, mabeseni ya kuwekea nyama. Digna alikuwa anauza kwa mikono miwili.

"Akina mama wako wapi?" Lucky aliuliza.

"Akina mama gani?"

"Wa safari."

Digna alimrudishia mteja chenji kwanza. "Kaka Lucky, leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Mwezi gani?"

"Desemba."

"Na wewe kwenu wapi?"

"Rombo."

"Mtu wa Rombo kabisa. Halafu ukaamini wanawake thelathini wa Kichagga wataacha nyumba zao mkesha wa mkesha wa Krismasi, wageni wako njiani, mbuzi wamefungwa, mbege iko jikoni, wao wakabembee Dar. Hata mtu wa Mtwara asiyeijua Krismasi yetu ningeona aibu kumdanganya hivyo."

Lucky alishusha begi la tokeni chini. "Nataka hela yangu, mama."

"Ya basi? Si lile pale. Umelipia basi, basi limekuja. Wanaokodi huwa wanalalamika gari limechelewa, wewe limekuwahi."

"Nitakwenda polisi."

"Twende wote. Wewe utaeleza ya basi, mimi nitaeleza ya madumu. Sijui watataka kuanza na yupi."

Simu ya Lucky ikaita. Ilitoka kwao, Mkuu.

"Lucky, mwanangu," alisema Dominika, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi, "baba yako mdogo amenoa visu tangu jana. Vigingi viko tayari. Umefika wapi?"

"Niko njiani, mama."

Aliangalia barabara ya kwenda Himo, ambako ndiko wanakopandia magari ya kwenda kwao, akaona hawezi kutokea kihambani na begi la plastiki. Aliangalia mjini, akamkumbuka Eliezeri na deni la tokeni za begini. Given akapiga honi kidogo, kwa adabu. Saa iliyoandikwa kwenye risiti ilikuwa imefika. Lucky akajiambia Dar ni kubwa, hakosekani mtu wa kushauriwa, akapanda.

"Kaa mbele, kaka," Given alisema. "Unaona vizuri zaidi."

Basi likaondoka na abiria mmoja; wa kurudi nao Krismasi walikuwa wanamsubiri Given Dar. Upande wa pili wa barabara magari yalikuwa yanapanda bila mwisho, namba za Dar tupu, magodoro juu, watoto wamejaa madirishani, bia na soda mpaka kwenye buti. Watu wote ambao Lucky angeweza kuwatapeli Dar walikuwa wanampita kuelekea Moshi. Waliliwashia basi taa wakidhani dereva amepotea, na Given akawapungia mkono.

Karibu na Himo simu ikaita tena. Safari hii Dominika aliongea kwa sauti ya chini.

"Wilson amefunga ng'ombe wake. Baba yako mdogo kasema hasubiri kesho, ameshampimia kile kipande mpaka kwenye mfereji. Mimi nimeingia ndani nimejilaza. Usisumbuke kuja, mwanangu. Endelea na kazi yako."

Simu ikakatika. Njia panda ya Himo ilionekana mbele, na magari yaliyokuwa yanakata kona kupanda Rombo yalikuwa yamefanya foleni. Lucky aliinuka, akashika nguzo.

"Given, naomba unishushe hapo njia panda."

Given alitazama kioo cha juu, akaviona viti hamsini na vinne vitupu, akabadilisha gia.

"Haiwezekani, kaka. Abiria wote wamelipiwa mpaka Dar."