Masikio ya Kiunzi

Jumatatu, 12 Mei
"Kiunzi cha mtu hakina masikio, Mzee Ndolo." Hayo ni maneno ya Abdirizak, mwenye bucha jirani hapa Huruma, mbele ya wateja wake. Hakina! Miaka thelathini nachonga watu kwa mti, sijamnyima hata mmoja masikio. Mwalimu Muhonja wa shule ya mtaa wa Lucky Summer anataka kiunzi cha mifupa, cha mbao, kwa somo la sayansi. Atakuja Ijumaa. Asipokipenda, kazi zote za shule anapewa mchongaji Kiilu, ambaye simba wake hufanana na mbuzi.

Jumanne, 13 Mei
Nimemuuliza Abdirizak kama sikio halina kitu kigumu ndani. Akasema upo mfupa laini, vitabuni huitwa gegedu. Umo puani pia, na kwenye ncha za mifupa ili isisagane. Nikamnasa! Mfupa laini ni nini kama si mfupa? Jina lenyewe lasema! Wateja wakacheka. Walimcheka yeye, nadhani.
Nimechonga masikio mawili. Na pua.

Jumatano, 14 Mei
Mke wangu Kavinya anauliza kwa nini fuvu linafanana na mjomba wake. Uchochezi.
Abdirizak kapaza sauti kutoka buchani: magotini niweke mpira badala ya gegedu, na kamba badala ya kano zinazoshika mfupa kwa mfupa. Nimepiga misumari. Sifundishwi na mtu wa shoka la nyama.

Alhamisi, 15 Mei
Abdirizak amechemsha kichwa cha mbuzi, akaniita. Umati! Akavuta sikio kwa vidole viwili. Likatoka zima. Fuvu likabaki na tundu. Nikasema mbuzi si mtu. Akanitazama sana, akasema wallahi, leo ameanza kulitilia shaka hilo.
Nimerudi, nimeshika msumeno. Bado naweza kuyakata masikio ya kiunzi.
Nimeyapaka vanishi.

Ijumaa, 16 Mei
Mwalimu Muhonja alikunja goti la kiunzi. Likalia kama mlango wa stoo, likavunjika. Akagusa masikio. Akauliza, kwa adabu, kama huyu ni marehemu au anangoja kinyozi. Kazi kapewa Kiilu.
Abdirizak hakucheka. Kaniletea bakuli la supu, mfupa laini tele. Nimeutafuna. Mgumu! Ushahidi huo!
Ninyi walimu wa sayansi wa Eastlands: futeni neno gegedu vitabuni kabla ya Jumatatu. Au njoni Huruma, mmoja mmoja, mnishike sikio.