Tairi la Mbele Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Siku imeharibika kabla ya chai. Natoka na mkoba wangu, nimechomekea vizuri, nakuta majirani wanne maegeshoni pamoja na yule dereva mstaafu wa ghorofa ya chini anayeitwa Kapteni. Meli hajawahi kuipanda! Aliendesha mabasi miaka thelathini, sasa anajiona mkuu wa jeshi. Akatangaza mbele ya wote kwamba tairi langu la mbele kushoto limepungua upepo. Eti limekaa kama mguu uliovimba. Majirani wakacheka. Nikamwambia matairi ya gari hili yametengenezwa laini makusudi, kwa starehe. Akasema, "Sawa, kijana." Kijana! Nina miaka arobaini na sita na upara.

Jioni, pigo la pili. Mama mkwe yuko kwetu tangu apasuliwe jicho. Ijumaa saa nne asubuhi anatakiwa hospitali kutolewa bandeji. Jicho la pili huona ukungu mtupu, kwa hiyo hili moja ndilo tegemeo. Mke wangu akaniarifu bila haya kwamba Kapteni amejitolea kumpeleka. Mama mkwe wangu, kwa gari la jirani, na mimi mkwewe niko hai! Nikapiga meza ngumi. Nitampeleka mimi. Mke wangu akauliza, na lile tairi je? Kumbe habari zilishapanda ngazi kabla yangu.

Jumanne, 4 Machi
Kwa fundi siendi. Nikienda, Kapteni atajua ameshinda.

Mpango: kuegesha gari ubavu wa kushoto ukiwa umebanwa na ukuta, aone atachungulia wapi. Nimekwaruza mlango mzima. Kapteni akalala kifudifudi na tochi, akachungulia uvunguni, akaripoti kwamba tairi limepungua zaidi ya jana. Nikalifunika gunia. Akauliza kama lina homa.

Mtu mzima wa miaka sabini, hana kazi ya kufanya?

Jumatano, 5 Machi
Saa ya chakula niliazima kwa mhasibu wa ofisini kwetu pampu yake ya baiskeli. Nimepampu mpaka shati likanigandia mgongoni. Mpini ukakatika. Tairi halikuinuka hata unywele. Mhasibu hanisemeshi, kana kwamba nimemvunjia mkono!

Jioni nikasalimu amri, nikapita kwa fundi wa matairi, mama mmoja anayenyanyua rimu kama sahani. Nikamwambia ajaze mpaka namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe. Akasema hapana, huo ndio mwisho wa uwezo wa tairi. Kipimo cha gari kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, upande wa dereva. Ile karatasi niliibandua mwaka juzi nikidhani ni tangazo. Akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaniambia upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi, si baada ya kulikimbiza mjini. Sikumwomba mhadhara!

Akapaka maji ya sabuni. Mapovu. Msumari! Akasema niliache nusu saa, alivue, alizibe kwa ndani. Nikakubali. Naandika ukweli: nilikubali, nikakaa kwenye benchi. Na upande wa pili wa benchi, nani ananywa soda? Kapteni! Akanipongeza. "Umefanya la maana, kijana."

Nikainuka, nikaondoka na msumari wangu. Sipongezwi na mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Tairi limelala chini kabisa. Rimu inakaribia kugusa lami.

Nikaamua kulibadilisha mwenyewe, lakini si mbele ya watu. Nikaliendesha gari hivyo hivyo, likichechemea kama bata, mpaka nyuma ya jengo, kwenye mteremko wa mapipa ya taka. Pale hapiti mtu. Nikatia jeki. Nikanyanyua. Ndipo nikakumbuka nati. Nikazivuta kwa spana, gurudumu likazunguka tu hewani kama linanicheka. Nikavuta kwa hasira, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Zikaachia, moja ikadondoka ikabingirika uvunguni. Nikalala chali, nikaingiza bega kuifuata.

Nikasikia sauti ya kukwaruza. Na mkono ukanikamata mkanda wa suruali, ukaniburuta kama gunia la makaa. Gari likasogea, jeki ikaruka, chuma kikatua pale pale lilipokuwa bega langu. Kishindo kilinipita mpaka kwenye meno.

Kapteni alikuwa mweupe midomo. Kwa mara ya kwanza hakuniita kijana. "Unataka kumwacha mwenzio mjane kwa sababu ya nati?" Akaketi chini kwenye lami. Nikaketi pia, lakini ni kwa hasira. Kanichania suruali!

Akaiokota nati, akazikaza zote tena, gari likashushwa mpaka mahali tambarare. Akavuta breki ya mkono, akaweka jiwe nyuma ya magurudumu, akalegeza nati gari likiwa bado chini, ndipo akatia jeki. Dakika kumi, tairi la akiba likawa mahali pake. Akabonyeza kwa kidole: hili nalo halina upepo wa kutosha, lisisafiri kabla ya kujazwa. Nikasema asante. Nadhani nilisema. Kama sikusema, alielewa.

Ijumaa, 7 Machi
Sikulijaza. Angekuwa dirishani anaangalia kama nimetii.

Saa mbili na nusu tukaondoka, mama mkwe kando yangu, bandeji jichoni. Mke wangu alibaki na mtoto mwenye homa. Tumefika barabara kuu, mama mkwe akasema gari linavuta kushoto. Nikasema ni upepo wa nje. Akasema anasikia tairi linapiga makofi. Mtu haoni, lakini anasikia! Nikaongeza sauti ya redio. Nikaongeza na mwendo, tusichelewe.

PAA!

Usukani ukataka kuning'oa mabega. Nyuma yetu lori linapiga honi. Nikainua mguu nikanyage breki kwa nguvu zangu zote.

"Breki usiguse!" Ni mama mkwe. Sauti ile sijawahi kuisikia, hata siku ya mahari. "Shika usukani kwa mikono miwili. Ondoa mguu kwenye mafuta. Liache lipungue lenyewe. Sasa taa za hatari. Taratibu, pembeni, taratibu, baba."

Tukasimama. Lori likapita likatikisa gari zima. Nilitaka kushuka nikalipige tairi teke. Akanizuia mpaka magari yalipopungua, kisha akanishusha kwa upande wake, tukakaa nyuma ya vyuma vya ukingo wa barabara. Akaniambia alikaa kiti cha abiria miaka ishirini kwenye lori la marehemu baba mkwe, na matairi mangapi yamewapasukia hakumbuki. Hakunigombeza. Alinishika mkono akauliza kama nimeumia. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote.

Saa nne kasoro dakika kumi. Daktari hufunga saa tano, na hurudi baada ya wiki mbili. Akae na bandeji wiki mbili zaidi! Nilitembea huku na huku. Nilitaka kulia, basi nikaitukana barabara.

Kapteni akatokea. Nilimpigia mke wangu kumwambia tutachelewa tu, naye kampigia yeye nyuma ya mgongo wangu! Akaweka kibao chekundu cha pembetatu mbali nyuma ya gari langu, akamsindikiza mama mkwe kwenye lake, wakaondoka. Mimi nimeachwa kulinda chuma.

Walimkuta daktari anavua koti. Bandeji ikatolewa. Jicho linaona! Na sura ya kwanza mama mkwe kuiona wazi baada ya miaka sita ni ya nani? Ya Kapteni. Akampapasa shavu akasema, kumbe wewe ndiye, una uso wa huruma. Nilipofika nyumbani jioni na gari la kuvutwa, akaniangalia kwa muda mrefu. Akasema alidhani mimi ni mrefu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekaa, nimetafakari wiki nzima kwa utulivu. Kosa ni la Kapteni. Asingetaja tairi Jumatatu, nisingepata hasira, na nisingepata hasira, yote yangekwenda sawa.

Yule mama fundi amekataa kuziba tairi la msumari. Eti kwa kuliendesha limelala nimelikatakata mbavu kwa ndani, ni la kutupa. Anataka kuuza matairi tu huyo. Nimelibeba, nimelitia kwenye buti. La akiba ni la akiba, kazi yake ni kukaa. Magurudumu ya mbele niliyofungiwa ni ya mhasibu, mwenye gari kama langu, kaniazima mawili baada ya kuombwa na mke wangu. Sijayapima. Yanaonekana ya mviringo.

Kesho mama mkwe anarudi kwake. Amechagua kwenda na Kapteni, safari ya muda wa saa tatu, mwendo wa konokono, akisimama kila mji kugusa matairi. Sawa! Mimi natangulia alfajiri. Nitakwenda mbio, nitafika kabla yao, nitamfungulia mlango wa nyumba yake mwenyewe. Tuone hapo ataona sura ya nani.