Maji ya Moto, Maji ya Baridi na Baba Yake Tabitha

Jamaa, aibu niliyopata leo hata sijui nitaificha wapi. Sikilizeni haraka, kabla mzee hajatoka huko ndani.

Mnajua kazi yangu ni kutia makaa kwenye injini ya gari la moshi. Mnajua pia baba yake Tabitha alikuwa aje leo kutoka Kabazi kuniangalia. Alishasema, "Binti yangu simwozeshi mgonjwa. Makaa hula mtu." Na mimi wiki nzima mgongo umekaza, natembea nimejikunja kama kikongwe (bwana harusi gani huyo!).

Jirani yangu hapa landi, kwenye nyumba zetu za reli, Barnaba yule dresa afungaye vidonda zahanati, akaniambia dawa ni maji. "Jimwagie ya moto, halafu ya baridi, halafu ya moto tena. Damu inaamka, uchovu unakimbia." Basi asubuhi nikachota debe la maji ya moto kwenye injini, vile sisi hufanya, nikalibeba mpaka bafu letu la mabati. Debe la pili nikajaza mferejini. Na baridi ya Nakuru mnaijua!

Kopo la moto: "Aaaah!" Tamu. Kopo la baridi: "Uuuwi! Nakufa!" (Sikujua nina sauti hiyo.) La moto: "Aaaah!" La baridi: "Uuuwi, mama!" Mgongo ukaanza kulegea kweli. Nikaongeza bidii, na kelele.

Kumbe mgeni amefika mapema na lori la mboga. Naye ni mzee wa kanisa; anasikia mtu analia, anafurahi, analia tena. Akaamua hilo ni pepo.

"Toka ndani ya kijana huyu!" Teke moja, mlango chini. Mimi huyo, sabuni mpaka machoni, nimejisitiri kwa debe. Nyuma yake Tabitha. Nyuma ya Tabitha, landi nzima!

"Habari ya safari, mzee?" nikasema. (Ningesema nini?)

"Wewe una nini?"

"Ni dawa ya mgongo, mzee. Maji tu."

"Na umepona?"

Nikainama na debe langu, nikainuka. Mgongo haukuuma hata kidogo.

Mzee akashika kiuno. "Lile lori limenivunja. Hebu nipe hilo debe."

"Hili, mzee, kwa sasa siwezi kulitoa."

Tabitha alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa mzee yuko bafuni. Hizo nduru mnazosikia ni zake. Tafadhali, mtu asicheke mpaka mzee ataje siku ya harusi.