Pembeni mwa Daftari la Nekesa

Alhamisi, 4 Agosti 1994

Hapa Shianda hakuna mtu mwenye bahati kunishinda mimi, Elkanah. Wengine wanaomba, mimi napewa. Leo darasa la Maandiko limejaa mpaka mlangoni, nimeingia nimechelewa, jasho la trekta bado mgongoni, na nafasi iliyobaki iko wapi? Kando ya Nekesa. Cornelius, mwalimu wa darasa la tatu, alifika mapema na viatu vyake vinang'aa, akaishia kukaa na mzee anayekoroma. Bahati haisomewi chuo.

Darasa ni la Mwalimu Oduor. Amesoma ng'ambo miaka tisa, sasa anatufundisha sisi waumini wa kawaida kila Alhamisi mchana kwenye ukumbi wa kanisa. Anasema Maandiko yachunguzwe kama mkulima anavyochunguza mbegu: nani aliandika, lini, alitoa wapi. Wiki jana aliuliza, kama Musa aliandika vitabu vyote vitano, nani aliandika habari za kifo cha Musa? Wazee wawili walichukua kofia zao wakaenda. Mimi nilibaki. Nimekuwa turniboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori hadi Mombasa, hadi Kampala. Swali haliwezi kunitoa kwenye kiti.

Leo ametupa karatasi yenye Mathayo, Marko na Luka wamepangwa safu tatu. Maneno yaliyo kwa wote watatu tupake nyekundu, ya wawili tupake bluu. Nikamwambia Nekesa sina penseli ya bluu. (Ninayo. Ilikuwa mfukoni.) Akaniazima yake. Ilikuwa bado na joto la mkono wake. Sijui nilipaka nini.

Halafu mwalimu akasema nakala za kale kabisa za Marko zinaishia pale wanawake wanakimbia kutoka kaburini, wasimwambie mtu neno. Nikainua mkono. Nikauliza, kama hawakumwambia mtu, Marko aliambiwa na nani? Nilitaka watu wacheke, na walicheka. Nekesa hakucheka. Aligeuka akaniangalia kama mtu aliyeona moshi wa jiko mahali alipodhani hakuna nyumba.

Sijaangaliwa hivyo tangu nizaliwe. Nina miaka arobaini na moja.

Ijumaa, 5 Agosti

Mwalimu ametupa kazi ya nyumbani. Kati ya hao watatu, nani aliandika kwanza? Toa sababu tano. Mimi niliacha shule fomu tuu, muhula wa pili. Sababu tano ni nyingi. Ninayo moja: Marko ni mfupi, na mtu wa kwanza huwa ana haraka.

Lakini mpango umekuja wenyewe nikipaka trekta grisi. Nitaomba daftari la Nekesa. Faida ya kwanza, majibu. Faida ya pili, nitakwenda kwao mara mbili: kuchukua na kurudisha. Watu waliokaa mjini ndivyo tunavyofikiria.

Nekesa ni mjane, mwaka wa nne sasa. Anaishi na mama mkwe wake, bibi tunayemwita Kukhu Awinja. Mwezi wa saba, pale kwenye mashine ya kusaga, nilimuuliza kwa mbali kama mwanamke mwenye akili anaweza kukaa na mwanamume aliyeuona ulimwengu. Alisema atafikiria. Mpaka leo anafikiria. Mimi kila jioni natazama upande wa kwao kama ng'ombe anayetazama zizi la jirani.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimekwenda. Nekesa alikuwa anakata majani ya nepia ya ng'ombe. Kukhu Awinja ameketi anachagua maharagwe. Aliniuliza kama nimepotea njia ya kiwanda cha sukari, maana trekta hazipiti kwao. Nikasema nimekuja kwa mambo ya Injili. Akasema wanaume wanaokujanga kwa mambo ya Injili yeye anawajua, mmoja alizaa naye watoto sita.

Nekesa alinipa daftari. Alisema nisome, nisipoelewa niulize, lakini nisinakili. Niliapa kwa jina la marehemu baba yangu.

Baba atanielewa. Naye alikuwa na mipango.

Jumatano, 10 Agosti

Foleni kiwandani. Trekta thelathini na nane mbele yetu, miwa inakauka, dereva amelala chini ya trela. Nimefungua daftari juu ya boneti na kuanza kunakili. Mwandiko wake umeinama upande mmoja kama miwa baada ya mvua. Kurasa zinanukia moshi na maziwa. Nimezinusa mara nyingi. Turniboi wa trekta ya nyuma aliuliza kama hicho ni kitabu au ni mandazi.

Nimenakili yote. Kuna sehemu pembeni ya ukurasa, herufi ndogo za penseli, ilikuwa inaning'inia peke yake: Jibu ni ndiyo. Mama asijue mpaka Jumapili. Nilikaa nikafikiri, maana mimi si kasuku. Swali ni kama Marko aliandika kwanza, jibu ni ndiyo, hapo hakuna shida. Mama ni nani? Ni Mariamu. Jumapili ni gani? Ya kufufuka. Kwa hiyo nimeyaingiza maneno hayo katikati ya sababu ya tatu, nikaongeza mistari yangu miwili kueleza kwa nini Mama wa Bwana alifichwa habari mpaka Jumapili.

Hakuna atakayesema nimenakili tu. Nimetafiti.

Alhamisi, 11 Agosti

Asubuhi nilimrudishia Nekesa daftari lake. Mchana Mwalimu Oduor alisoma kazi zetu kwa sauti. Ya Cornelius, sawa. Ya Nekesa, alisema angeweza kuipeleka chuo kikuu. Akafika kwa yangu. Akasoma sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akavua miwani. Akauliza habari ya Mama nimeitoa wapi. Nikasema kwenye utafiti.

Alichukua daftari la Nekesa, akaweka la kwangu kando yake. Akacheka mpaka akashika meza. Alisema ng'ambo alifundishwa jambo hili hili kwa miaka: mtu anaandika neno pembeni kwa ajili yake mwenyewe, mnakili anayefuata analiingiza katikati, halafu anakuja mwingine analifafanua. Alisema ameona mifano yake kwenye ngozi za kale chini ya vioo. Hakujua atakutana na mnakili mwenyewe akiwa hai, Shianda, ananuka dizeli. Na mimi, alisema, nimefanya kazi ya watu wawili.

Akauliza darasa, kati ya haya mawili, lipi ni chanzo? Mikono yote ikapanda. Cornelius alipandisha miwili.

Nekesa hakucheka, hakulia. Alichukua daftari lake akatoka, akaacha penseli juu ya benchi.

Nilitembea kuelekea nyumbani nikiwa nimeaibika mpaka kwenye daraja. Hapo nikasimama. Jibu ni ndiyo. Kama si la Marko, ni la nani? Nani alimuuliza swali mwezi wa saba? Ni mimi! Na mama ni Kukhu Awinja. Jumapili ni Jumapili hii.

Nimefua koti. Nimelifua tena.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimekutana na Cornelius dukani kwa Bashir, ananunua dawa ya viatu. Ana uso wa bwana arusi. Bashir akatuangalia wawili, akasema Inshallah mmoja wenu ataoa, mwingine atapika. Cornelius aliniambia, kwa huruma, kwamba yeye alimwandikia Nekesa barua ya posa mwezi wa sita. Kwa hiyo jibu lile la ndiyo ni lake. Nikamwambia barua ni karatasi, mimi nilizungumza kwa mdomo.

Soko zima linajua kuna ndiyo. Hakuna anayejua ni ya nani.

Jumapili, 14 Agosti

Nilifika kwao saa nane mchana, koti limenyooka, kuku mkubwa mkononi. Cornelius alikuwa ameshafika. Naye ana kuku. Tulikaa kwenye benchi moja, sisi wawili na kuku wawili, kama tunangoja daktari wa mifugo.

Kukhu Awinja alipokea kuku wote wawili na kuwafunga nyuma ya jiko. Alisema asante. Halafu akamwita Nekesa aje aseme mbele ya watu kile ambacho yeye amekisikia tangu Ijumaa kwenye foleni ya kusaga.

Nekesa alisimama mlangoni. Alisema ameitwa chuo cha theolojia, upande wa Nairobi. Miaka mitatu. Atasoma Kigiriki, na Kiebrania. Walimuuliza kwa barua kama atakuja, na jibu lake ni ndiyo. Alitaka mama asikie kwake kwanza, leo, baada ya ibada, wakiwa wawili.

Cornelius alitazama kiatu chake. Mimi nilitazama cha Cornelius.

Kukhu alisema miaka minne wamelala chini ya bati moja, na kwamba kuna ndiyo anayofichwa ameambiwa na wanawake wenye debe la mahindi. Alisema aende akitaka, lakini baraka hana. Nekesa akasema bila baraka haendi. Akaingia ndani.

Wakati natoka alikuja mpaka kwenye ua. Nilingoja matusi. Alisema tu kwamba alinipa daftari kwa sababu ya lile swali langu. Darasa lote, mimi peke yangu nilikuwa nimeuliza kitu alichokuwa akijiuliza yeye. Ningetukanwa ningelala vizuri.

Jumanne, 16 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema nina malaria. Nimekwenda kwa Kukhu Awinja nikiwa sina koti wala kuku. Kuku wangu nimemkuta sufuriani.

Nilimwambia kosa ni langu, si la Nekesa. Akasema anajua, kosa lenye kelele hivyo haliwezi kuwa la mwanamke mwenye akili. Lakini hilo si ndilo linalomuuma. Anaogopa. Anasema wanaosoma hivi vitabu wanarudinga kuambia wazee kwamba Biblia ni uongo, kwa sababu Mathayo alisema hivi na Luka alisema vile. Yeye mtoto wake alizikwa na hiyo Biblia.

Sikuwa na mpango. Kwa mara ya kwanza mdomo wangu ulikwenda bila mpango. Nilimuuliza siku ile mtoto wake alipofariki, ni watu wangapi walikuja kumweleza. Akasema wengi. Nikauliza walisema sawasawa? Akasema hapana: mmoja alisema ilikuwa asubuhi, mwingine mchana, mmoja alisema aliita jina la mama, mwingine alisema hakusema kitu. Nikamuuliza kama kwa sababu hiyo hakufa.

Aliacha kuchagua. Maharagwe yalikaa mkononi. Halafu akasema wa kwanza kabisa hakumwambia neno. Alimwona tu anakuja kwenye njia ya miwa anakimbia, kanga imeanguka, na akajua. Alikuwa Nekesa.

Tulikaa. Kuku alichemka.

Baadaye akauliza nani atakata nepia. Nikasema mimi. Nani atakama ng'ombe? Mimi. Nani atamsomea Injili Jumapili, macho yake hayaoni tena herufi? Mimi. Miaka mitatu? Miaka mitatu. Akasema mimi hata sahani ya obusuma, ugali wetu, simalizanga. Lakini akamwita Nekesa, akamtemea mate ya baraka kifuani kama wazee wanavyofanya, na Nekesa akapiga magoti.

Aliniangalia juu ya bega la mama. Nilijifanya naangalia ng'ombe.

Jumatatu, 29 Agosti

Nimembebea sanduku la bati kwa baiskeli mpaka stendi. Tulitembea mguu kwa mguu, baiskeli katikati yetu kama shangazi. Alisema swali langu ameliandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, atawauliza walimu wa huko. Basi lilikuwa linapiga honi. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu mwezi wa saba. Nikamwambia gurudumu la nyuma la lile basi halina upepo wa kutosha.

Alisema nimwandikie.

Muwa ukipandwa leo hukatwa baada ya mwaka mmoja na nusu. Miaka mitatu ni mavuno mawili. Nimesimama stendi mpaka mwenye kuuza karanga akaniuliza kama nimeajiriwa pale.

Jumatano, 31 Agosti

Ng'ombe amenipiga teke. Kukhu anasema nakama kama mtu anayefungua nati.

Barua nimeianza mara kumi na moja. Mpendwa Nekesa, ng'ombe hajambo. Haiendi zaidi ya hapo. Nimekwenda kwa Cornelius nikamkuta na yake, kurasa tatu, tayari. Nimeomba niisome tu, nione mwandiko. Alipokwenda kupiga kengele ya shule nimeinakili yote, nikabadilisha jina mwishoni, nikaituma kwa posta ya Mumias. Nikiwa njiani kurudi ndipo nimekumbuka kuna mahali pameandikwa kwamba wanafunzi wangu wa darasa la tatu wanamsalimu. Haidhuru. Atadhani nimepanda cheo. Wiki ijayo nitanakili nyingine.

Na nafasi ile kando yake, siku ile ya penseli? Haikuwa bahati. Nilifika kabla ya Cornelius, nikaweka sweta langu kwenye benchi, pale anapokaa Nekesa kila wiki, nikajificha nyuma ya ukumbi saa moja na nusu ili nionekane nimechelewa. Bahati sina. Sijawahi kuwa nayo.