Ardhi Ngumu ya Barlian

Kiangazi kilipoingia Banjarmasin na kinamasi kikaganda juu kama uji uliosahauliwa mezani, Barlian aliona bahati yake. Alikuwa na shamba la urithi nje ya mji, shamba ambalo ukikandamiza ufito wa mita nne kwa mkono mmoja, ardhi huumeza wote na haicheui. Nyumba ya mwisho kujengwa pale ilizama hadi madirishani. Tangi lake la choo, kwa ukaidi, likafanya kinyume: lilipanda juu, na masika yote likaelea uani kama mgeni asiyejua kuaga.

Sasa juu palikuwa pakavu. Kilichokosekana ni ugumu, na ugumu, aliwaza Barlian, ni kitu cha kuazima.

Akauazima nyumbani kwake. Mkewe, Masniah, alikuwa kwao Amuntai kwenye harusi ya mdogo wake. Barlian akang'oa sakafu yote ya sebuleni, mbao za ulin, mti mgumu kama chuma, ambazo baba mkwe aliwapa siku ya ndoa akisema, "Ukizipoteza hizi, nitakuja kukuzika mwenyewe." Akazitandaza shambani juu ya magogo, mita nne kwa nne, akazifunika udongo wa vidole vitatu, akapandikiza majani. Nyumbani, nyumba ya nguzo juu ya mto, akawa anatembea juu ya mihimili kama paka, maji ya mto yakimcheka chini. Angezirudisha kabla Masniah hajafika. Mteja alipopatikana, ilibaki siku moja tu.

Mteja mwenyewe alikuwa Acil Rusminah, yaani Shangazi Rusminah, muuza supu ya kuku sokoni, aliyetafuta kiwanja cha nyumba za kupangisha.

"Acil, usiniamini mimi," alisema Barlian. "Iamini miguu yako. Ruka!"

"Niruke? Na mwili huu?"

"Ndicho kipimo chenyewe."

Acil akaruka. Ardhi ikasema du. Akaruka tena, akainamisha sikio kama mtu aliyeitwa na jirani. Du.

"Mmh. Na choo?"

"Tangi la choo hapa litatulia kama bwana harusi mbele ya kadhi."

"Na bustani?"

"Tazama maji ya mtaro, Acil! Maangavu kama kioo!"

Acil akayatazama. Hapakuwa na hata kiluwiluwi. Aliyekulia kinamasini anajua kwamba maji ya rangi ya chai yana uhai, na maji ya kioo yana ukali wa kuunguza mizizi. Lakini Barlian, mtoto wa mjini, hakuwahi kupanda hata pilipili.

"Mazuri," alisema Acil. "Ila shamba zima sitaliweza, mwanangu. Niuzie hapa tuliposimama tu. Nijaribu kibanda kwanza."

Barlian nusura ambusu; tamaa ikamsahaulisha hata kurudi kwa Masniah. Angezifukua mbao alfajiri, azisogeze hatua kumi, auze ugumu uleule kwa mwingine. Kwa sakafu moja angeuza kinamasi chote kabla ya ngurumo ya kwanza!

Mzee wa mtaa akaitwa kushuhudia. Acil, kwa unyenyekevu, akaomba yaongezwe maneno machache kwenye karatasi ya mauzo: pamoja na vyote vilivyomo ardhini.

"Vimo minyoo," alisema Barlian kwa ukarimu. "Yote yako."

Acil akakunja karatasi, akapiga mluzi. Wakwe zake wawili, waume wa binti zake, wakatokea kichakani na majembe. Haikuchukua muda, ulin ikang'aa juani.

"Makubwa! Ardhi imezaa sakafu!" alisema Acil.

"Tena na misumari yake," alisema mzee wa mtaa.

Wote wakamgeukia Barlian.

"Ni zako, mwanangu?"

Akisema ndiyo, amekiri utapeli mbele ya mzee wa mtaa. Akisema siyo, amechimba kaburi lake mbele ya baba mkwe.

"Si... sizijui."

"Basi nazipeleka sokoni. Ulin kama hii siku hizi adimu."

"Acil!" Sauti ilimpasuka. "Mke wangu anarudi kesho!"

Acil akamtazama kwa huruma ya kweli. "Mimi nimezaliwa juu ya ulin, mwanangu. Sauti yake naijua kuliko ya marehemu mume wangu. Nipe shamba lote, uchukue sakafu."

"Shamba lote kwa mbao zangu mwenyewe?"

"Zangu," alimsahihisha Acil, akiinua karatasi.

Mzee wa mtaa, aliyekwisha kufunika kalamu, akaifunua.

Kesho yake Barlian aligongelea msumari wa mwisho, na papo hapo boti ya Masniah ikafungwa kwenye ngazi. Masniah akaingia, akanusa.

"Mbona sakafu inanuka tope?"

"Nimepiga deki, mke wangu."

"Barlian! Wewe?" Machozi yakamlengalenga. "Na mimi nimekuletea zawadi. Njoo uone!"

Boti ilisheheni miche ya michungwa.

"Miche sitini! Mama kanifundisha. Kinamasini hupandi chini, unainua matuta, mche unakaa juu, na ule ukali wa udongo unaoshwa na mvua. Lile shamba letu litatutajirisha, mume wangu!"

Barlian akakaa chini taratibu, akiipapasa kwanza sakafu, kuhakikisha kwamba angalau hiyo ipo.

"Tuanze lini kuinua matuta?" aliuliza Masniah.

Barlian akawakumbuka wale wakwe wawili na majembe yao.

"Nadhani," alisema, "wameshatuanzia."