Maneno Mapya Yasajiliwe Kabla Hayajatufunga Gerezani

Mbotela, Nairobi
14 Mei 1985

Kwako Bwana Mhariri, pamoja na wapiga chapa wako wote,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya na nafasi. Mimi ni Bedan Mbuthia, mkalimani wa mahakama kwa miaka ishirini na miwili. Mtu akisema kwa Kikuyu, mimi humfikishia Hakimu kwa Kiingereza. Hakimu akimhukumu kwa Kiingereza, mimi humpelekea mhusika habari hiyo mbaya kwa Kiswahili. Sijawahi kumwongezea mtu hata mwezi mmoja wa kifungo kwa kosa la sarufi. Nasema haya ili ujue kwamba anayekulalamikia leo si mlevi.

Malalamiko yangu yanahusu lugha inayosemwa na watoto wetu huku mitaani, wanayoiita Sheng. Nitayapanga kwa nambari, kama nilivyozoea kazini.

1. Nyumbani kwangu naitwa Mbuyu. Anayeniita hivyo ni binti yangu Waringa, msichana wa miaka ishirini anayejifunza kupiga taipu mjini. Nilifungua kamusi, nikasoma kwamba huo ni mti mnene sana wenye mbao zisizofaa kitu. Nilipomwuliza mama yake, Wakiuru, kama ameona matusi haya, alinijibu bila kuacha kumenya viazi, "Si ni baba tu, kwa lugha yao? Mimi naitwa Masa, na sijafungua kamusi." Nikaona kwamba maradhi yamefika hadi jikoni.

2. Niliamua kuisoma lugha hiyo kitaalamu. Niliazima kinasa sauti kutoka kwa Bwana Wehliye, rafiki yangu mwenye duka la vitambaa kule Eastleigh. Nikakificha ndani ya kiondo chini ya kochi, nikatoka kwenda kanisani huku Waringa na wenzake wakinywa chai. Niliporudi nilijifungia chumbani na kalamu. Bwana Mhariri, ukanda ule ulikuwa na dakika arobaini za Zaburi, zikisomwa kwa zamu, kwa Kiswahili ambacho hata askofu angekionea wivu. Mwishoni nikasikia sauti ya binti yangu: "Mbuyu, betri zako zinaisha."

Nilipomrudishia Bwana Wehliye mashine yake nilimweleza fedheha hii nikidhani ni ya Wakikuyu peke yetu. Akashika ndevu zake. "Mzee Mbuthia," akasema, "kwangu binti yangu Habibo akizungumza na ndugu zake, mimi huona heri redio. Redio angalau naweza kuizima."

3. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumanne iliyopita aliletwa mahakamani kijana wa mtaa wetu, Kabiru, fundi wa magari, mtoto wa mjane aitwaye Mirriam ambaye huuza mboga karibu na nyumba yetu. Mwenye gereji alikuwa amemshtaki kwamba ameiba betri ya gari. Hakimu akamwambia ajitetee. Kabiru akasimama, mikono nyuma, akasema:

"Mdosi alinichoma kwa makarao juu nilikataa kumfanyia kazi sare."

Nilifanya kama nilivyofunzwa. Neno nililolijua nililiweka mahali pake, na nisilolijua nikalitafutia ndugu wa karibu. Nikamfasiria Hakimu kwa Kiingereza safi kwamba mshtakiwa anadai mtu aitwaye Bwana Mdosi alimchoma kwa makarai, tena huko juu, kwa sababu alikataa kufanya kazi akiwa amevaa sare.

Hakimu akaweka kalamu chini. Akauliza makarai yalikuwa mangapi. Mwendesha mashtaka akapekua faili lake akimtafuta Bwana Mdosi. Kisha Hakimu akaagiza kijana avue shati ili mahakama ione makovu. Kabiru akavua, uso umejaa mshangao, akageuzwa mbele na nyuma. Hakuwa na kovu hata moja. Hakimu akasema hajapata kuona mwongo wa namna hii, akaanza kuandika. Mimi naijua kalamu ile. Ikianza kuandika hivyo, mtu hulala ndani. Nilimwona Mirriam amejifunika uso kwa leso, nami bado nikiamini kwamba nimefasiri vizuri.

Ndipo mtu akasimama katika viti vya nyuma. Alikuwa Waringa, aliyekuja kuchukua ufunguo wa nyumba kwangu.

"Samahani, Mheshimiwa. Hakusema hivyo."

"Wewe ni nani?" akauliza Hakimu.

"Ni mtoto wa mkalimani."

Watu walicheka hadi askari akapiga meza. Lakini Hakimu akamruhusu aje mbele. Waringa akaeleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma: mdosi ni tajiri mwenye kazi, makarao ni polisi, kuchoma ni kumsingizia mtu, juu ni kwa sababu, na sare ni bure. Kijana alikuwa akisema kwamba tajiri amemsingizia kwa polisi kwa sababu alikataa kumfanyia kazi ya bure.

Hakimu akamgeukia mwenye gereji. "Betri yenyewe iko wapi?" Yule bwana akakohoa, akatazama dari, na baada ya kuulizwa mara ya tatu akakumbuka kwamba huenda ilipelekwa kuchajiwa. Kesi ikatupwa. Mirriam akaja mbio, akamkumbatia binti yangu akilia, akanipita mimi kama nguzo ya umeme.

Jioni hiyo sikuumaliza ugali wangu. Nilikuwa karibu kumfunga mtoto wa jirani kwa kosa la makarai.

Kutokana na hayo, naomba Serikali, kupitia gazeti lako, itekeleze mambo yafuatayo. Kila neno jipya lisajiliwe kwa chifu, likiwa na picha mbili ndogo na jina la aliyelizua. Baiskeli ina leseni, redio ina leseni, mbwa ana leseni. Neno ni nani hata litembee hivi hivi? Neno lililosajiliwa litangazwe gazetini siku thelathini kabla ya kutumiwa, ili mwenye pingamizi ajitokeze kama katika ndoa. Neno litakalokamatwa likizurura bila kibali lifungiwe kituoni hadi mzazi wake aje. Mwisho, wagombea udiwani wapigwe marufuku kuzisema lugha za vijana majukwaani, kwani zile tunazozielewa hawajazimaliza kutudanganyia.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga taipu, wauza magazeti wa pembeni mwa Jogoo Road, na yeyote atakayesoma barua hii bila kuhitaji mkalimani.

Ni mimi, katika lugha zinazotambuliwa na Serikali,

Bedan Mbuthia
Mkalimani wa Mahakama, Daraja la Pili

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, amekuja tarishi wa mahakama na barua. Hakimu ameomba apatikane mkalimani wa kuapishwa wa lugha ya vijana, na aliyeitwa ni Waringa. Anaanza Jumatatu. Kwa hiyo tafadhali yafute maombi yangu yote. Nimelitafakari upya suala hili na kuona kwamba lugha hii ni hazina ya taifa, isiguswe na chifu yeyote. Ikiwezekana maneno yabadilishwe kila wiki, na wazee wasielezwe maana yake, maana wakielewa wote, nani atamhitaji mkalimani? Nimemwuliza kama tutakuwa tukiketi meza moja. Amesema ndiyo, ila mimi nitakaa upande wa lugha za zamani.